Jinsi ya kufuatilia kero ya mtaa mpaka ifanyiwe kazi (nimejifunza kwa mtaro mmoja)

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko pembeni ya barabara ya mtaa na mbele yake kuna mtaro. Ule mtaro uliziba mwezi wa tatu masika yalipoanza, ukaja kuzibuliwa mwezi wa kumi na moja. Miezi minane nashona huku nafukuza nzi, mteja anakuja kuchukua gauni lake ananusa kwanza ndo analipa, mmoja akaniambia kabisa fundi hili naenda kulifua kabla sijalivaa. Sasa katika hiyo miezi minane kama mitano ilipotea bure kwasababu nilikuwa nalalamika sehemu ambayo sio na kwa namna ambayo sio, kwahiyo naandika hapa nilivyofanya na ambavyo ningefanya tangu mwanzo, mwenye mtaro wake au taa yake au bomba lake achukue kinachomfaa.

Mji wetu siutaji ila kama unaishi mji wowote wa Tanzania unaokua haraka utaujua tu. Nilipohamia hapa 2009 gari la taka lilikuwa linapita Jumanne na Ijumaa, dereva anapiga honi watoto wanakimbia na ndoo, taa za barabarani zilikuwa nne kuanzia stendi ya hiace mpaka msikitini na zote zinawaka, maji yanatoka asubuhi unajaza madumu yako unaendelea na mambo mengine. Leo gari la taka linakuja likijisikia, taa nzima imebaki moja na hiyo moja inawaka mchana kweupe, maji yanatoka Alhamisi usiku wa manane kwahiyo Alhamisi kwetu hakuna anaelala. Sababu moja kubwa iko wazi, watu tumeongezeka, sensa ya 2012 nchi nzima tulikuwa kama milioni 44.9, ya 2022 tukawa milioni 61.7, na wengi tunakuja kujazana mijini, kule juu palipokuwa mashamba ya mihogo sahivi ni nyumba na fremu mpaka kwenye korongo, alafu gari la taka ni lile lile na mtaro ni ule ule uliochimbwa mtaa ukiwa na nyumba za kuhesabu. Hilo mimi nalielewa, ila nzi hawaelewi.

Jua kwanza kitu ni cha nani

Hapa ndo nilipopotezea muda mwingi. Sisi tunasema "serikali" au "manispaa" kama vile ni mtu mmoja amekaa kwenye kiti kimoja, kumbe kila kitu kina mwenyewe. Ile lami kubwa inayotoka mkoa kwenda mkoa ni ya TANROADS. Barabara za mitaani na za ndani ya mji tangu 2017 ziko TARURA, kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri yenyewe ndo maana wazee wengi mpaka leo shimo la barabarani wanalipeleka kwa mkurugenzi, wanapokelewa vizuri, wanaambiwa tumesikia mzee wetu, basi. Mtaro wa pembeni ya barabara unafuata barabara. Taka, usafi, masoko, machinjio, makaburi, hiyo ni halmashauri. Maji ni mamlaka ya maji ya mji wenu na vijijini ni RUWASA. Umeme TANESCO, lakini taa ya barabarani usiikimbizie TANESCO eti kwasababu iko juu na ina waya, mara nyingi ile taa ni ya mwenye barabara au ya halmashauri, kwahiyo uliza kwanza.

Ukiandika hivi inaonekana rahisi. Shida inaanza kitu kimoja kikiwa na wenyewe wawili. Mtaro wangu mimi nilienda ofisi ya kwanza, nikaambiwa mama mtaro sio wetu, sisi tunahusika na taka. Nikapanda bodaboda mpaka ofisi ya pili, kijana mmoja mstaarabu sana akanifungulia na ramani nikaiona barabara yetu, akasema mtaro kweli ni wetu ila umezibwa na taka, na taka sio zetu, zikishatolewa sisi tutakuja kuangalia zege. Yani nimesimama pale na mkoba wangu najiuliza tope lenyewe sasa ni la nani.

Dawa yake nimekuja kuijua baadae na nimeipata kwa mstaafu mmoja aliyefanya kazi masjala miaka mingi. Kero ikiwa na wenyewe wawili usiandike barua mbili. Andika moja, mlengwa awe mmoja, na yule mwingine umuweke kwenye nakala pale chini, majina ya ofisi zote mbili yaonekane kwenye karatasi moja. Hapo kila mmoja anajua mwenzake ameshasoma. Ukiwaandikia kila mtu ya kwake watatupiana mpira mpaka mvua nyingine.

Kusanya vithibitisho, sio hasira

Piga picha leo, wiki ijayo rudi piga tena ukiwa umesimama pale pale, na kwenye picha kiwepo kitu ambacho mtu wa ofisini hawezi kukibisha, nguzo ya umeme yenye namba yake au kile kibao cha namba ya nyumba. Vile vibao tulivyobandikiwa wakati wa anwani za makazi 2022 watu wengi wameviona urembo wa getini, kumbe ndo kazi yake hiyo, unaandika namba ya nyumba na jina la barabara, mtu anakuja moja kwa moja bila kukupigia simu mara sita anauliza we uko upande wa kanisa au upande wa kisima.

Alafu weka daftari. Mimi nilitumia kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya wateja, mbele kuna kiuno 34 mkono 22, nyuma kuna gari la taka: "14/6 halijaja. 17/6 halijaja. 21/6 limekuja limechukua upande wa juu tu, dereva kasema limejaa." Ukienda ofisini ukasema gari haliji kabisa wanakukatalia vizuri tu, watakutolea karatasi kwamba lilikuja. Ukianza kusoma tarehe moja moja wanaacha kubisha, nimeliona hilo kwa macho yangu, mtu alikuwa anaongea huku anachati, nilipofika tarehe ya tano akaweka simu chini.

Picha ziwe za mtaro na za taka, sio za mtu. Usimpige picha afisa akiwa mezani kwake ukamrusha na maneno juu, sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2015 na kero yako itageuka kesi yako.

Mtaani pale pale, ila kwa kalamu

Kila mtu atakwambia anza kwa mwenyekiti wa mtaa, ni sawa, lakini ujue tofauti ya mwenyekiti na mtendaji. Mwenyekiti tunamchagua wenyewe, hawa wa sasa walichaguliwa Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa na kwenye vikao yeye ndo katibu, yani yeye ndo mwenye kalamu. Mwenyekiti wetu mzee mzuri hana neno na mtu, kila nikimgusia mtaro anasema mama hilo ninalo kichwani. Kichwani lipo, kwenye muhtasari halipo. Na kinachopanda kwenda kata sio kichwa cha mwenyekiti, ni muhtasari.

Kwahiyo mkutano wa wakazi ukitangazwa nenda, hata kama ni Jumapili na umechoka na unajua watachelewa kuanza saa nzima. Nyoosha mkono, sema kero yako kwa kifupi, alafu usikae. Muombe mtendaji kwa adabu asome alivyoandika. "Samahani mheshimiwa mtendaji, naomba utusomee hapo kwenye mtaro tuone tumeelewana." Mimi mara ya kwanza alikuwa ameandika "wananchi walizungumzia usafi". Tukarekebisha palepale mbele ya watu, ikawa mtaro umeziba tangu Machi kuanzia nyumba fulani mpaka fulani, mita kama arobaini. Hiyo ndo inakwenda kamati ya maendeleo ya kata, ambako diwani ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu na wenyeviti wote wa mitaa wanakaa humo, na diwani akitoka hapo ana kitu cha kushika anapoenda kwenye baraza.

Usiende peke yako. Mimi nilienda na mama ntilie wa jirani, kijana mmoja wa kijiwe cha bodaboda na mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, huyo mzee haongei ila akikohoa watu wananyamaza. Na wapangaji msijitoe, nasikia sana "mimi mpangaji tu hayanihusu", jamani mwenye nyumba wako anaishi mji mwingine, anaekanyaga hayo maji ni wewe.

Barua

Wakati unasubiri vikao andika barua, vyote viende pamoja. Barua isizidi ukurasa mmoja. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu nikaanza na historia ya mtaa, nikamuweka na marehemu mume wangu mle ndani, sijui nilikuwa nawaza nini. Ya pili ndo ilifanya kazi, ilikuwa hivi:

"YAH: KUZIBA KWA MTARO WA BARABARA, MTAA WA (jina), KUANZIA NYUMBA NA. __ MPAKA NA. __
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi na wafanyabiashara 23 wa eneo hili tunaomba mtaro uzibuliwe. Umeziba tangu mwezi Machi. Maji machafu yanaingia kwenye nyumba nne na yanapita mbele ya sehemu mbili zinazouza chakula. Suala hili liliongelewa kwenye mkutano wa wakazi wa tarehe __ na limo kwenye muhtasari. Tunaomba kujua kwa maandishi kazi itafanyika lini na ofisi ipi itaifanya. Tumeambatanisha picha 4 na majina yenye saini na namba za simu."

Ipitishe kwa mtendaji wa mtaa na wa kata wagonge mihuri yao, chini weka nakala kwa ile ofisi ya pili, kwa diwani na kwa afisa afya wa kata. Ile sentensi ya sehemu mbili zinazouza chakula ndo ilimtoa bwana afya ofisini, alikuja kesho yake. Mama ntilie aliogopa atafungiwa, akaninunia siku mbili, ilibidi niende kula kwake nimlipe na chenji nimuachie.

Sasa sehemu ambayo ukisahau yote usiisahau hii. Toa kopi ya ile barua, nenda masjala mwenyewe, wakupokelee ya kwao na yako wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kopi shilingi mia tu. Mimi siku hiyo dada wa masjala aliichukua barua akaiweka kwenye trei akasema haya mama asante, nikabaki nimesimama. Nikamwambia naomba unigongee na hii. Akasema hatugongi za wananchi. Nikamwambia basi nasubiri, nikakaa kwenye benchi, nikatoa suruali ya mteja na sindano yangu nikaanza kupindisha pindo. Baada ya kama nusu saa akafungua droo, muhuri wino umekauka, akautemea pumzi, akagonga mara mbili ikatoka nusu, tarehe inasomeka. Inatosha. Ile karatasi niliiweka kwenye mfuko wa nailoni wa vitambaa na ndo silaha niliyotembea nayo miezi mitatu, kwasababu bila muhuri kila ukirudi unaanza upya, unakutana na mtu mwingine anakuuliza mama una shida gani, na muhuri unamuonyesha tu tarehe.

Uliza na namba ya jalada, iandike kwenye kona ya kopi yako kwa peni.

Wakikaa kimya

Rudi baada ya wiki mbili, usirudi kila siku watakuzoea. Kama unachotaka ni taarifa, mfano mkandarasi wa taka analipwa na nani au ratiba yake inasemaje, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, raia akiomba kwa maandishi ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Usiingie nayo kwa kuwatishia, weka tu mstari mmoja mwishoni "tunaomba taarifa hii kwa mujibu wa sheria ya 2016", anaejua atajua.

Na angalia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ukienda mwezi wa tano kuomba kitu kikubwa, mtaro mpya au makalavati, utaambiwa hakiko kwenye bajeti na watakuwa wanasema kweli. Mambo makubwa yasemee mitaani kuanzia mwezi wa kumi hivi mpaka mwezi wa kwanza, hapo ndo mipango ya mwaka unaofuata inapikwa. Kuzibua sio kujenga, kuzibua dai muda wowote. Baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka na mwananchi unaweza kuingia ukakaa nyuma ukasikiliza, kuchangia hapana. Mimi nilienda mara moja na kufuma kwangu, kwa ukweli sehemu kubwa nilisinzia, ila diwani wetu aliniona nimekaa pale na siku hiyo mtaro ukatajwa.

Taka

Kama mtaa wenu una mkandarasi, mjue kwa jina la kampuni na ratiba yake, na ada ulipe kwa kumbukumbu namba au upewe risiti, sio kumpa kijana wa guta elfu mbili mkononi alafu mwisho wa mwezi unaambiwa unadaiwa. Msigome kulipa mmoja mmoja. Najua inauma, taka hazijachukuliwa wiki tatu alafu mtu anakuja na kitabu, lakini sheria ndogo za halmashauri zina faini na wanaoanza kupelekwa kwa mgambo ni wanyonge. Mkitaka, andikeni wote kwa pamoja na zile tarehe za kwenye daftari, mseme tulilipa mara nne kwa mwezi, tumehudumiwa mara moja, tunaomba kujua mkataba unasemaje.

Na msimwage kwenye korongo usiku. Tunajuana.

Hapa niseme na hii kodi ya majengo inayokatwa ukinunua umeme wa LUKU, ilianza 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500. Watu wanamfuata mtendaji wa mtaa wanamfokea hela yetu ya LUKU iko wapi, yule hajui chochote, haipiti kwake kabisa. Fokea kingine.

Maji

Maji yana njia nzuri kuliko vyote ndo maana nashangaa watu hawaitumii. Unaripoti kwanza kwenye mamlaka yenu, unadai namba ya malalamiko, unaiandika. Wasiposhughulikia unapanda EWURA, wale wanaosimamia huduma za maji na umeme, na kuna baraza la watumiaji la EWURA CCC ambalo kazi yake ni kumsaidia mtumiaji wa maji na umeme, hulipi kitu. Bili ya maji ambayo hayakutoka ndo kesi nyepesi, piga picha mita kila mwisho wa mwezi.

Kurusha video

Inafanya kazi, sitadanganya. Kijana mmoja mtaa wa pili alirusha video ya lundo la taka, ikazunguka kwenye magrupu, mkuu wa wilaya akatoa tamko, kesho yake greda na malori mawili. Siku tatu pamekuwa peupe kama uwanja wa ndege, siku ya nne watu wameanza tena kumwaga maana ratiba ya gari haikubadilika. Mimi ningesema video iwe nyongeza, muhuri uwe nao tayari ili wakija na kamera ukawape na karatasi.

Siku yenyewe

Walikuja mwezi wa kumi na moja siku ya Jumatano, vijana saba, majembe na koleo na kirikuu moja ya kubebea tope, ofisi zote mbili zimeleta mtu. Mtaa mzima tumetoka nje tunaangalia. Ikatoka chupa, ikatoka pampas, ikatoka ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu 2019 sijui ilikuwa inakaa wapi, alafu kijana mmoja akavuta kitu kirefu kinavutika tu hakiishi, akakipakua na koleo akakiweka pembeni: vipande vya vitenge, vimeshikana vimekuwa kama kamba ya meli. Kitenge cha njano chenye ndege nilikijua hapohapo, nilishonea maharusi. Watu wote wamegeuka kunitazama na mama ntilie ndo wa kwanza kucheka.

Sasa hivi mabaki nayaweka kwenye gunia nampa kijana anaetengeneza magodoro, analipia buku mbili kwa gunia.

Tumeanza na taa. Barua moja, nakala mbili, muhuri ni wa tarehe nne mwezi huu na safari hii wino ulikuwa mpya. Leo ni siku ya kumi na tisa, taa inawaka, ni saa nane mchana.